Kipimo cha sabufa: nyimbo za shughuli uziweke kwenye programu, kibandani au kwenye faili?

Sabufa ilinyamaza saa tatu usiku, katikati ya wimbo, wanawake wameshasimama na noti mkononi. Ndani mwali anasingwa. Uani, hapo Ngamiani mjini Tanga, turubai limejaa sare za kijani, na shangazi yangu, mwenye shughuli yake, kainua simu juu kama mtu anayetafuta mwezi wa kufungulia. Akaniita kutoka nje nilikokuwa nimekaa na vijana wa viti.

"Mwanangu, hebu njoo uone hili lidude lenu."

Lidude lilikuwa programu ya nyimbo. Simu kanunuliwa na mwanawe aliyeko Muscat, na huyo huyo ndiye anayeilipia programu kila mwezi kwa kadi yake ya benki. Mwezi ule kadi ilikuwa imepitwa na muda. Nyimbo zote alizopakua shangazi, mia na kitu, zilikuwepo. Majina unayaona, picha za waimbaji unaziona, ila maandishi yamegeuka kijivu na ukigusa hakuna kinacholia. Kijisanduku kinamwomba ajiunge upya. Bando nalo limebaki MB 40.

Aliyetuokoa ni kijana wa kibanda cha kujaza nyimbo, barabara ya pili kutoka pale, nikamkuta anafunga. Akachomeka flashi kwenye kompyuta, akauliza, "Bi mkubwa anataka za zamani au modern?" Dakika kumi, shilingi 3,000, na shughuli ikaendelea hadi saa sita.

Tangu usiku ule kila mwenye harusi kwenye ukoo ananiuliza tuweke nyimbo wapi. Nimezijaribu njia zote tatu kwa muda mrefu kiasi cha kuwa na msimamo. Nazipima kwa taarab, kwanza kwa sababu ndiyo muziki wa shughuli zetu, pili kwa sababu taarab inafichua mambo ambayo wimbo wa dakika mbili na nusu hauwezi kuyafichua.

Programu ya kulipia kwa mwezi

Nianze na haki yake. Kwa mtu anayetaka kusikia kila kipya kinachotoka, hakuna njia rahisi kuliko hii. Boomplay ilianza mwaka 2015 ikiwa tayari ndani ya simu za Tecno, kwa hiyo wengi wetu tuliikuta tu kwenye simu bila kuitafuta. Spotify ilifungua milango Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi Februari 2021. Unaandika jina, unagusa, unasikia. Usipolipa, nyingi zinakuruhusu kusikiliza bure ukivumilia matangazo.

Hesabu ya bando ni nyepesi, wala haihitaji mtaalamu. Sauti ya kilobiti 160 kwa sekunde inakula MB 72 kwa saa. Ukishusha ubora hadi kilobiti 96, ni kama MB 43. Shughuli ya saa tano kwa ubora wa kati itakula MB 360. Si nyingi, lakini ni lazima ziwepo saa hiyo hiyo, na mtandao uwepo saa hiyo hiyo, mahali ambapo wageni mia mbili wote wanarusha picha za mwali WhatsApp.

Utasema: si unapakua kabla? Hapo ndipo neno "kupakua" linapomhadaa mtu. Ulichopakua ndani ya programu kimefungwa kwa kufuli ya programu hiyo. Spotify, kwa mfano, inamruhusu mlipaji kupakua hadi nyimbo 10,000 kwenye kila kifaa, vifaa visizidi vitano, ila lazima aingie mtandaoni angalau mara moja kila siku 30 ili wahakikishe bado analipa. Kuhamishia kwenye flashi haiwezekani. Programu za namna hii karibu zote zina utaratibu wa kufanana, na sidhani kama ni ujanja wa siri, maana masharti yameandikwa. Ni kwamba hakuna mtu aliyewahi kumsomea shangazi masharti. Yeye alijua kapakua, kama anavyojua kanunua sukari.

Sasa tuje kwenye pesa ya mwimbaji, kwa sababu wanaotetea programu hizi husema angalau msanii analipwa. Ni kweli, analipwa. Takriban theluthi mbili ya mapato ya Spotify huenda kwa wenye haki. Lakini mwenye haki ni yule aliyesajiliwa kuwa na haki, na kwa taarab ya enzi za kaseti mara nyingi huyo si mwimbaji.

Halafu kuna hili la kuhesabu. Spotify inahesabu wimbo umesikilizwa ukishafika sekunde 30. Basi fikiria taarab ya kweli. Fidla zinaingia, kinanda kinajibu, ngoma zinatulia mahali pake, mwimbaji bado anarekebisha mtandio. Hajafungua mdomo, programu imeshahesabu! Ataimba dakika 12, mashairi yote na viitikio vyake, na hesabu itabaki moja. Kwa saa nzima ya taarab za namna hiyo zinaingia nyimbo tano, hesabu tano. Saa hiyo hiyo ukipiga nyimbo za dakika tatu tatu ni hesabu 20. Na kwa kuwa mfuko wa pesa za wenye haki unagawanywa kwa idadi ya hesabu, muziki mrefu unaliwa na muziki mfupi bila mtu yeyote kumkosea mwenzake. Tangu mwaka 2024 wakaongeza sharti jingine: wimbo usiofikisha hesabu 1,000 ndani ya miezi 12 hauingizi kitu kwenye mgao wa rekodi. Kikundi cha mtaani chenye mashabiki wake 80 wa Pangani na Tanga kitapata tabu kufika huko kwa kila wimbo.

Tatizo la mwisho ni kupata chenyewe unachokitaka. Khadija Kopa utampata. Mzee Yusuf na Jahazi utawapata. Lakini ile rekodi iliyofanywa kwenye harusi, yenye mwimbaji aliyevuma mkoa mmoja kwa miaka mitatu kisha akaolewa akaacha, hiyo haipo. Na ikiwepo, imepandishwa na mtu asiyejua hata jina la kikundi.

Kibandani

Kibanda kile kina kompyuta moja yenye feni inayolia kuliko nyimbo, na kioo chake kimejaa mafolda: TAARAB ZA KALE 2, MIPASHO MIX, HARUSI MPYA, KASWIDA. Ndani ya folda kuna nyimbo zinazoitwa "Track 07" nne tofauti. Moja ya zile za usiku ule ilitolewa kwenye kaseti. Mwishoni kabisa unasikia kitufe cha redio kikiruka, na kabla yake mtu anakohoa. Huyo mkohozi sijui ni wa mwaka gani. Ila wimbo huo nimeutafuta kwenye programu tatu na sikuupata.

Ndiyo maana siwezi kukitukana kibanda kirahisi. Pwani yetu ina historia ndefu ya maduka yaliyokuwa ndiyo maktaba. Mbwana Radio Service ya Mombasa ilikuwa duka, na hapo hapo ikawa inarekodi taarab na kuuza kaseti. Tofauti na kibanda cha leo ni kubwa: duka lile liliwaita waimbaji, likawarekodi. Kibanda hakijamwita mtu. Kinanakili tu. Lakini kazi ya kuhifadhi imeangukia mikononi mwake kwa sababu wenye kampuni za kaseti walifunga, na waliobaki na haki hawakuona faida ya kupandisha nyimbo za zamani popote.

Upande wa sheria hakuna utata. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inamwachia mtu nafasi ya kunakili kazi kwa matumizi yake binafsi. Anayenakili ili auze bila idhini hana nafasi hiyo. Mwaka 2013 zikaja stempu za kodi kwenye CD na DVD, ili mnunuzi aweze kutofautisha halali na ya kuchoma. Wazo zuri, likaja wakati watu wanahama. Kwenye flashi stempu haina pa kukaa.

Kwa mwimbaji, kibanda kinalipa sifuri. Lazima lisemwe bila kuzungusha.

Kwa mnunuzi kuna hasara pia, wala si ndogo. Sauti mara nyingi imebanwa hadi ikawa nyembamba kama ya simu. Majina ya watunzi hayapo. Na virusi: flashi ikirudi nyumbani mafolda yamegeuka vialama vya njia ya mkato, na mafaili halisi yamefichwa. Ukienda, nenda na flashi tupu, usiende na ile yenye picha za mtoto.

Faida yake ni ile ile iliyotuokoa. Flashi ya GB 16, ukiweka nyimbo za dakika 12 kwa ubora wa kilobiti 128, inabeba kama 1,300. Haiulizi kadi, haiulizi mtandao, wala haijui kuna Muscat.

Faili lako mwenyewe

Hapa watu hupitia haraka wakidhani ni habari ya Wazungu. Mimi naona ndiyo njia inayostahili jitihada.

Lakini kwanza tuelewane: si kila kinachoitwa "kununua" ni kununua. Julai 2009 watu Marekani waliamka wakakuta kitabu walichokinunua Amazon kimefutwa kwa mbali kwenye Kindle zao, vile vifaa vya kusomea vitabu, kwa sababu aliyekipandisha hakuwa na haki nacho. Kitabu chenyewe kilikuwa *1984* cha George Orwell, riwaya ya serikali inayofuta maandishi ya zamani, utacheka. Pesa walirudishiwa. Mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu vya kidijitali, na vitabu vyote vilivyouzwa vikaacha kufunguka. Pesa zikarudishwa pia, lakini mtu aliyekuwa ameandika maelezo yake pembezoni mwa kurasa hakurudishiwa kitabu. Jimbo la California likatunga sheria iliyoanza kazi Januari 2025: duka la mtandaoni lisiandike "nunua" bila kumweleza mteja wazi kwamba anachopata ni leseni. Kwa upande wa nyimbo mambo yalilegea mapema zaidi. Apple iliondoa kufuli kwenye nyimbo ilizokuwa ikiuza iTunes mwaka 2009, baada ya miaka ya malalamiko.

Kwa hiyo kipimo changu ni sabufa. Ile ya Kichina yenye tundu la flashi, rimoti isiyofanya kazi na taa za rangi. Sabufa haijui akaunti ya mtu. Faili likihama kutoka simu kwenda kwenye flashi na sabufa ikalipiga, ni lako. Lisipolia, ulikodi.

Unalipata wapi? Bandcamp inauza mafaili yasiyo na kufuli na inachukua asilimia 15 tu ya nyimbo za kidijitali, kinachobaki, ukitoa gharama za malipo, kinaenda kwa msanii au lebo yake. Kulipa kunahitaji kadi au PayPal. Kenya tangu mwaka 2022 unaweza kutengeneza kadi ya Visa ya mtandaoni ndani ya M-Pesa, na kwa wengine wenye kadi ya benki iliyofunguliwa malipo ya nje ni jambo la dakika tano. Kasoro yake ni uchache: taarab iliyopo huko ni kidogo, na bei ni ya dola au euro.

Mdundo, kampuni iliyoanzia Kenya, inakupa faili la MP3 bure kabisa, na msanii anapata sehemu ya pesa za matangazo. Hata simu ya kawaida yenye intaneti inatosha. Ila tangazo limeshonwa ndani ya faili. Usishangae mwali akiwa anatolewa, sabufa ikaanza kutangaza kitu kingine kabisa mbele ya wakwe.

Njia ninayoipenda haina jina la kampuni: mpigie kiongozi wa kikundi. Vikundi vingi vya mtaani vina mtu mwenye nyimbo zote kwenye kompyuta, na namba zao ziko kwenye mabango ya shughuli. Unamtumia pesa kwa simu, anakutumia nyimbo WhatsApp. Mwambie azitume kama dokumenti. Akizituma kama sauti ya kawaida utapokea rundo la AUD na tarehe na WA0003, na miezi miwili baadaye hutajua ipi ni ipi.

La kiufundi moja, kwa sababu limewaangusha wengi: nunua flashi ya GB 16 au 32, isizidi. Kubwa zaidi ya hapo huja zimepangwa kwa mfumo ambao sabufa nyingi za bei ya chini hazisomi. Na weka MP3, si FLAC wala M4A, hata kama sauti yake ni bora. Sabufa haina masikio hayo.

Nani achague nini

Mwanafunzi mwenye Wi-Fi ya chuo, anayefuata kila wimbo mpya wa Ijumaa: programu, hata ya bure. Asijisumbue na kingine.

Mwenye shughuli, dereva wa masafa, mtu wa kijijini ambako mtandao unakuja na upepo: faili kwenye flashi, na nakala ya pili mahali pengine. Mwenye ukumbi, baa au basi ana jambo lake la ziada, kibali cha kupiga muziki hadharani kutoka kwa wasimamizi wa haki za muziki. Kulipia programu ya mwezi hakumpi ruhusa hiyo. Masharti yake ni ya matumizi binafsi.

Anayetafuta wimbo aliousikia mama yake akiutayarishia futari mwaka 1985: aende kibandani. Najua nilichosema juu ya sifuri. Lakini wimbo usiouzwa popote siwezi kumwambia mtu asiusikilize hadi mwenye haki atakapokumbuka kwamba anao. Na kwa walio wa kale sana haki yenyewe imekwisha. Siti binti Saad alirekodi santuri Bombay mwaka 1928 na akafariki 1950. Kwa kipimo cha uhai wa mtunzi na miaka 50, tungo zake mwenyewe zimekuwa za watu wote tangu mwaka 2000 ulipomalizika.

Kwa waimbaji walio hai, mimi nimerudi kwenye utaratibu wetu wenyewe: kutunza. Taarab haijawahi kulipwa kwa kila sikio. Unasimama, unacheza kwa maringo hadi mbele, unampa noti mwimbaji mkononi, unarudi kiti chako wenzako wakikutazama. Usikilizaji mmoja kwenye programu hulipa chini ya senti moja ya dola. Tufanye basi ni senti nzima, kama shilingi 25. Noti ya 5,000 ni sawa na kusikilizwa mara 200, na haipitii kwa mtu wa kati. Kwa hiyo nikichukua kibandani wimbo wa mtu ambaye bado anapanda jukwaani, namtafuta anakoimba.

Rafiki yangu mmoja, mtunzi wa mashairi ya kikundi, aliniambia hapo nimemsahau yeye. Noti inakwenda kwa aliyeshika maiki. Aliyeandika maneno amekaa nyuma karibu na jenereta, na hakuna aliyewahi kucheza kwa maringo kumwendea. Sikuwa na jibu zuri. Nikimnunulia kiongozi wa kikundi mafaili moja kwa moja, angalau mtunzi anaweza kudai fungu lake ndani ya kikundi, na hiyo ni sababu nyingine ya kuipa njia ya faili nafasi ya kwanza pale inapowezekana.

Kadi ya Muscat ilishafanyiwa upya, na programu ya shangazi inafanya kazi. Anaiwasha jikoni asubuhi akikuna nazi, kama redio. Kwa shughuli ana flashi mbili alizozitia alama kwa rangi ya kucha, moja nyeupe, moja nyekundu. Nyekundu ina zile tulizozinunua kwa kikundi pamoja na za kaseti nilizozipa majina moja moja, wikendi mbili nzima. Nyeupe ni mchanganyiko wa kibandani, na jirani yeyote akigonga mlango anaazimwa. Nyekundu niliiomba mwezi uliopita kwa harusi ya rafiki yangu Muheza. Akaniuliza kama kibanda kimefungwa.